Uji wa Fundi Saa

4 Februari

Wifi yangu,

Umesema simu yangu hutaipokea mpaka nikuandikie kwa mkono wangu, kwa sababu maneno ya simu hayashikiki. Basi naandika. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba ya mama, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na mama ananiita kila nikimaliza mstari mmoja. Nyonga yake imefungwa, hawezi hata kugeuka bila kushikwa. Msimamizi wetu wa udobi hotelini amenipa ruhusa mpaka mama aweze kusimama, lakini alinitazama kama mtu anayeagana moja kwa moja.

Nakushukuru kwa kukubali kwenda kukaa na mwanangu Chiriku kule kwetu mjini asikose shule. Najua umeacha jiko lako la shule kwa mtu mwingine, na najua usivyopenda mtu mwingine ashike mwiko wako.

Ya nyumba ni haya. Madirisha ya upande wa barabara fungua alfajiri tu. Malori yakianza kupanda kilima, funga, la sivyo masizi yataingia mpaka kwenye sukari. Jenereta ya bucha hapo chini ikiwaka, usishtuke vikombe vikigongana kabatini. Vimezoea. Mchana kutakuwa na joto, hakuna namna. Fundi alikuwa akisema tumepanga ndani ya tanuri, na mkate ni sisi. Unga, chumvi, sukari na majani ya chai vimo kwenye makopo juu ya kabati. Vitumie, ni vyako.

Ombi langu ni moja. Meza ya Fundi iliyo chini ya dirisha usiisogeze. Vifaa vyake viko kama alivyoviacha: koleo ndogo, kioo cha jichoni, na ile saa ya mkono ya baba yenu aliyokuwa akiivaa mwenyewe. Siku ile niliporudi kazini nilimkuta amelalia mkono wake pale pale, kama mtu anayeisikiliza meza. Nikamwambia, "Fundi, utapata kibyongo." Nikavua viatu. Nikateleka maji. Ndipo nikaona hajanijibu.

Umeuliza asubuhi ile alikula nini. Alikunywa uji.

Mwambie Chiriku asilale na nywele wazi, zitajifunga mafundo.

Ni mimi,
Mke wa mdogo wako


11 Februari

Mke wa mdogo wangu,

Nimefika salama. Mtoto yupo, anakwenda shule, anasema mno.

Nianze na makopo yako. Sijayagusa na sitayagusa. Nimekuja na sufuria yangu, mwiko wangu na unga wangu. Chumvi yangu nimeifunga kwenye kitambaa, imo sandukuni, na ufunguo wa sanduku nimeuvaa shingoni. Maji nachota mwenyewe. Jirani yako wa mlango wa pili aliniletea chai, nikamwambia meno yananiuma.

Usinione mkorofi. Mimi ni mpishi. Nimelisha watoto wa watu tangu ujana wangu, najua chakula kinavyoweza kumjenga mtu na kinavyoweza kumbomoa. Hebu nikuwekee mezani ninachokijua, nawe unijibu kwa kalamu.

Mwaka juzi mdogo wangu alikuja kwangu shule zilipofungwa. Alishuka kwenye basi anahema kama aliyekuwa akikimbia nyuma yake. Hazikupita siku nyingi akawa anabeba ndoo za maji huku na huku, analala mpaka nimwamshe kwa kumpaka maji usoni. Akarudi kwako, akaanza tena. Mwaka jana vile vile. Kwangu mzima, kwako mgonjwa. Kwangu anakula kwa mkono wangu, kwako anakula kwa mkono wako. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaipata.

Na wewe mbona huumwi? Mnapakua sufuria moja, mnalala kitanda kimoja, yeye anaisha kama kipande cha sabuni, wewe unapanda ngazi na mzigo kichwani!

Kuna jingine. Juzi nilikuwa namsuka Chiriku. Bila kuulizwa, maana huyu hakupewa jina la ndege bure, akasema, "Shangazi, mbona wewe husagi kile kitu?"

"Kitu gani?"

"Kile cheupe cha uji wa baba. Mama alikuwa anasaga, halafu ananiambia ni siri yetu."

Siri yenu. Siri ya nini? Andika. Shule zikifungwa ndugu wote watakutana kwangu, na barua zako nitazisoma mbele yao neno kwa neno. Usiponipa jibu la kueleweka, Chiriku harudi mikononi mwako. Atalelewa kwangu.

Dada wa marehemu


17 Februari

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako nikaifunga, nikaenda kumgeuza mama, nikarudi nikaisoma tena. Nilidhani mara ya pili itakuwa laini kidogo.

Yale aliyoyaona Chiriku ni maganda ya mayai. Nilisikia kwa wenzangu wa udobi kwamba maganda yakisagwa laini yanatia nguvu mwilini. Nikamwambia mtoto ni siri kwa sababu Fundi angenicheka. Unamjua mdogo wako alivyokuwa na mdomo. Hakuna zaidi.

Unauliza kwa nini mimi siumwi. Mimi hutoka asubuhi na kurudi jioni, kutwa nzima niko kwenye mapasi ya hoteli, nyuma kule kwenye ua. Yeye ndiye aliyekuwa akishinda nyumbani, pale mezani. Pengine nami naumwa ila sijapata nafasi.

Leo asubuhi nimekumbuka jambo dogo. Unajua Fundi alikuwa anaichunguza saa kwa sikio. Anaifunga, anaiweka sikioni, anafumba macho, akiridhika anasema, "Inatembea, ina haraka ya kwenda wapi sijui." Tulipohamia pale juu ya bucha sikio likawa halimfai tena. Kelele. Basi akawa anaing'ata. Anashika ukingo wa saa kwa meno ya mbele, taratibu, na mlio unapita kwenye mfupa mpaka ndani ya kichwa. Wateja walikuwa wanacheka: "Fundi, usinilie saa yangu!" Naye anajibu, "Nimeionja tu, haijaiva."

Hapa kwa mama kuna saa ya ukutani. Naisikia nikiwa uani.

Tafadhali usimtenge nami mtoto. Nakuomba kama unavyomwomba mtu aliyekushika mkono juu ya maji.

Wifi yako


24 Februari

Mke wa mdogo wangu,

Maganda ya mayai! Unamwandikia mpishi.

Nimekiona kinu chako kidogo cha kusagia. Umekificha nyuma ya pipa la maji, ndani ya mfuko, na chini yake kuna unga mweupe umeganda. Nilinunua mayai, nikakausha maganda, nikasaga mwenyewe kwenye kinu kingine. Maganda yanakwaruza kama mchanga. Unga wako ni laini kama poda. Nikauonja kwa ncha ya ulimi. Mchungu! Nilitema, nikasukutua mpaka maji ya ndoo yakaisha. Nimekifunga kinu kwenye gazeti, kimo sandukuni pamoja na chumvi yangu. Kitakuja kikaoni.

Sijamaliza. Kwenye godoro, upande aliokuwa analala mdogo wangu, nimekuta vipamba. Vingi, vimeviringishwa kama punje, vimesukumizwa chini ya shuka karibu na ukuta. Vingine vina weusi. Nani anaviringisha pamba na kuilaza chini ya mumewe? Nilikwenda nikachukua wembe nikalipasua godoro zima nione umeweka nini kingine. Sikuona kitu ila sufi na chawa wa watu wa zamani. Godoro nitakulipa. Jibu nalitaka.

Na hebu niambie umeacha nini humu ndani. Kwa sababu tangu nije sijalala usingizi wa kueleweka. Nikilala moyo unanipiga kama mtu anayebisha hodi na hataki kungoja. Ngazi zako hizi mara mbili nimekaa katikati, mimi niliyekuwa nabeba gunia la mchele jikoni na kuimba juu yake. Kichwa kinaniuma huku nyuma, shingoni. Chakula ni changu, maji nachota mwenyewe, sufuria haijaguswa na mtu. Kwa hiyo si chakula. Basi ni nini? Umepaka mapazia? Nimeyafua, yakatoa maji meusi kama ya mkaa, na baada ya siku chache yamekuwa meusi tena. Nani anayapaka, na wewe uko huko?

Mtoto naye mwalimu wake amesema anasinzia darasani.

Jibu haraka, na uache mayai.

Dada wa marehemu


2 Machi

Wifi,

Nitasema kweli, na uisome mbele ya yeyote unayetaka.

Ule unga ni dawa. Mwaka juzi, kabla hajaja kwako, Fundi alianguka kwenye ngazi. Nilimpeleka zahanati iliyo kona ya kilima, wakampima, wakamwambia presha iko juu sana na moyo umeanza kutanuka. Wakampa vidonge. Tulipotoka nje akanishika mkono, akaniapisha nisikwambie. Alisema, "Dada akisikia atakuja na gari anipakie na meza yangu, nikakae kwake nimenye vitunguu mpaka nife." Alikuwa anacheka, lakini mkono wangu hakuuachia. Wateja wake wote wako pale mjini, wifi. Aliogopa utamfungia kazi kwa mapenzi yako.

Nikaapa. Ubaya ukawa kwamba vidonge akagoma kuvimeza. Alisema baba yenu alianza na kidonge kimoja, akaishia na mfuko mzima, na hakuna alichopona. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikalia. Akawa anavitia kinywani mbele yangu halafu navikuta kwenye chungu cha maua. Ndipo nikaanza kuvisaga, nikivitia kwenye uji wa asubuhi na sukari nyingi. Akilalamika uji una uchungu, namwambia unga wa siku hizi mbovu. Chiriku aliniona. Nikamwambia ni siri yetu.

Vile vipamba alikuwa anaviweka masikioni apate usingizi. Asubuhi anavisukumiza ukutani kwa uvivu. Weusi wake ni masizi. Basi, hakuna mkono wa mtu.

Sasa nikwambie lililonifanya nidanganye habari ya mayai. Sikukuogopa wewe. Tangu siku ile najiuliza: je, kidonge kikisagwa kinabaki dawa? Au nilimbadilishia? Au siku nyingine nilitia nyingi? Asubuhi ile nilikuwa na haraka ya gari la hotelini, nikasaga nikiwa nimesimama. Wewe unanishuku kwa barua. Mimi najishuku kila nikishika mwiko. Hapa mama ananiomba uji, nami namwomba dada yangu, akipita kumwona mama, amkorogee yeye.

Ikiwa mimi ndiye niliyemuua, niambie, lakini uniambie baada ya kuuliza watu wanaojua. Chukua hicho kinu nenda nacho zahanati. Uliza. Na ukiwa pale, wape mkono wakupime na wewe. Hayo ya kubisha hodi kifuani na shingo, ndivyo alivyoanza.

Wifi yako


10 Machi

Wifi,

Nimekwenda.

Muuguzi ni mwanamke mnene, mpole, ana miwani ya kamba. Anakujua. Alipotaja tu, "Mke wa Fundi, yule dobi," nikajisemea moyoni, hawa wamepikwa chungu kimoja. Kwa hiyo nilimwuliza maswali kwa mitego. Nilimwambia kinu ni cha jirani, nikataka kujua kama ni vile vidonge vya fundi. Akafungua kopo la vidonge, akanionyesha, akakisaga kimoja mbele yangu kwa mgongo wa kijiko. Laini kama poda. Nikaonja. Uchungu ule ule.

Akaniambia kuna vidonge visivyotakiwa kusagwa, lakini hivi vikisagwa havidhuru na kazi yake vinafanya. Nikamwuliza mara tatu, kwa sura tatu tofauti. Kama mtu alizidisha kidogo kwa haraka? Akasema kwa kipimo alichopewa yule fundi, hata angemeza viwili kwa bahati mbaya angepata kizunguzungu, angelala. Mara ya tatu akavua miwani. "Mama, unamtafuta nani?"

Halafu nikampa mkono. Mashine ikanibana, ikalegea, yeye akaitazama tena. Akapima mkono wa pili. Nikamwambia mashine yake mbovu, mimi sijawahi kuwa na presha, nimepimwa kwetu kabla ya kupanda basi na nikasifiwa. Akasema mashine nzima. Nikamwambia ampime yule mama anayedeki. Akampima, akawa sawasawa. Mama wa watu akafurahi, akarudi kwenye deki lake akipiga mluzi. Mimi nikabaki na mkono wangu.

"Unakaa wapi?" muuguzi akauliza.

"Pale juu ya bucha."

"Dirisha linatazama ua au kilima?"

"Kilima."

Akaweka kalamu chini. Akasema watu wa upande wa kilima anawapata wengi, wanakuja kwa zamu kama waliopangiwa. Akaniambia, "Moyo haujui kwamba lile ni lori tu linabadilisha gia. Wenyewe unasikia kishindo, unaruka, unajiandaa. Wewe umelala, wenyewe uko macho unangoja jambo ambalo haliji. Ongeza moshi unaovuta, ongeza joto la chumba, ongeza kukosa usingizi. Unachoka." Nikamwuliza, kwa hiyo nyumba ndiyo iliyomuua mdogo wangu? Akakataa kusema hivyo. Alisema presha ilikuwa yake, pengine na ya ukoo, na yangu hii anataka aipime tena kabla ya kuipa jina. Ila nyumba haikumsaidia hata siku moja.

Nilirudi nikakaa mezani kwake. Usinikasirikie, sikuisogeza. Nikaivuta ile saa ya baba, nikaitia ufunguo, nikaiweka sikioni. Kimya. Nikasema imekufa nayo. Chiriku akacheka, "Siyo hivyo, shangazi. Ing'ate." Nikaing'ata. Ikalia ndani ya kichwa changu, tik, tik, tik, na nje lori linapanda na vikombe vinagongana, na nikaanza kulia nikiwa na saa mdomoni kama mtoto mwenye biskuti.

Nimekula chakula changu tangu siku ya kwanza, wifi. Chumvi yangu. Sufuria yangu. Nami nimeugua ugonjwa wake.

Sijasema nimemaliza. Bado nafikiri. Lakini nataka Chiriku atoke humu, na wewe usirudi humu.

Wifi yako


15 Machi

Wifi,

Barua yako imenifikia jana. Nilipofika kwenye maneno ya muuguzi kuhusu kidonge nililia kwa sauti mpaka mama akauliza nani amekufa tena. Nikamwambia hakuna, mama, amefufuka mtu. Jioni ile nilimkorogea uji mwenyewe. Mungu akulipe.

Nilikuwa nimeanza kukujibu vizuri. Nilitaka kukwambia kwamba hapa kwa mama nalala usiku mzima, na kila nikiamka naona haya, kama mtu aliyekula chakula cha mwenzake. Nilitaka kukwambia kwamba ile nyumba najua ni mbaya, lakini ndipo Fundi alipo. Nikiiacha ile meza nitakuwa nimemwacha ameinama peke yake na dirisha wazi. Nilitaka unielewe.

Lakini leo asubuhi nimepiga simu shuleni niongee na Chiriku. Mwalimu anasema hajaonekana tangu juzi. Anasema shangazi yake alikuja akamchukua katikati ya somo. Nimempigia jirani wa mlango wa pili. Anasema mlango una kufuli, na alikuona unashusha mizigo.

Basi ndiyo hiyo! Muuguzi, mashine, machozi na saa mdomoni, yote ilikuwa njia ya kuzunguka. Uliniambia tangu mwanzo kwamba atalelewa kwako. Ukaona mlango wa mbele mgumu, ukapitia jikoni. Mimi mjinga nimekupa kila kitu kwa mwandiko wangu: kinu, dawa, haraka yangu ya asubuhi ile. Hata kikao hukihitaji tena.

Umempeleka wapi mwanangu? Sijakuita jina baya maisha yangu yote, wifi. Usinifanye nianze leo.

Mama amekwishaanza kusimama kwa kushika kiti. Nikipata gari keshokutwa nakuja, na nitalala mlangoni kwako mpaka nimwone.

Mama yake Chiriku


16 Machi

Wifi,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, nimemwapisha afike mpaka mlangoni kwa mama yako, maana jana umenipigia simu mara nyingi na kila nikipokea unanitukana kwa machozi, sisikii neno, unakata. Sasa wewe ndiye husikii simu. Basi naandika mimi.

Mtoto yuko kwangu. Yuko nje hapo anawafundisha kuku wangu kuhesabu.

Siku ile mwalimu aliniita. Chiriku alikuwa amesimama kusoma akaona giza, akakaa chini. Siyo ugonjwa, wamempima, ni usingizi na joto na asubuhi hakula. Lakini nilipomkuta amelaza kichwa kwenye dawati, mkono chini ya shavu, nikaona ulichokiona wewe ulipovua viatu. Sikungoja ruhusa ya mtu. Nilipaswa kukupigia kwanza. Nilijua ukisema "ngoja" nitangoja, na nisingeweza kungoja. Hapo nimekosa, na nakiri.

Hapa analala mpaka nimwamshe kwa kumpaka maji usoni.

Kabla ya kuondoka nilifanya jambo. Nilikaa jikoni kwako, nikashusha makopo yako yote manne. Nikachukua unga wako, chumvi yako, sukari yako. Nikakoroga uji kwenye sufuria yako, nikanywa kikombe kizima nikiwa nimekaa pale mezani. Nilitaka kuondoka nikiwa nimekula kwako hata mara moja. Unga wako mzuri. Uliusingizia bure.

Ufunguo wa nyumba ninao. Sijauacha kwa mwenye nyumba, kwa sababu si yangu kuacha. Ukitaka kurudi nitakupa, na sitanung'unika mbele yako. Nitanung'unika nikiwa peke yangu. Lakini meza nimeichukua. Ndiyo, ile uliyoniambia nisiisogeze. Nimekaa nayo nyuma ya lori njia nzima, nimeishika miguu yake. Vifaa nimevifunga kwa mpangilio ule ule, Chiriku ndiye alikuwa ananielekeza: koleo kulia, kioo kushoto. Nimeiweka kwenye dirisha linalotazama bustani ya shule. Ni pale pale alipokuwa akikaa akija, anamenya vitunguu vyangu na kunisimanga.

Asubuhi ya kwanza niliivuta saa ya baba, nikaipeleka mdomoni kwa mazoea ya kule. Chiriku akaniangalia. Nikaishusha, nikaiweka sikioni. Inatembea, wifi. Inasikika wazi kabisa. Nilimpa mtoto asikilize, akanirudishia akasema, "Ina haraka ya kwenda wapi sijui."

Msimamizi wa shule anatafuta mtu wa kufua na kupiga pasi sare za bweni. Nimemwambia namjua mmoja, mkono wake ni wa hoteli. Hajaniuliza jina, ameuliza lini.

Kikao hakipo. Ndugu nimewaambia nilikosea hesabu. Barua zako nimezisoma kwa mara ya mwisho, nikawashia moto wa jiko. Kinu nimekiosha, kipo rafuni, kitakusubiri.

Njoo na mama yako, chumba cha chini hakina ngazi. Siku utakayofika hutakuta nimepika. Nitakaa mezani kwa mdogo wangu, nikungoje. Utapika wewe, kwa mkono wako, kwa sufuria yoyote unayoitaka, nami nitakula mpaka nikombe.

Ila usinisagie kitu. Muuguzi wa huku naye amenipa vidonge, na changu nitakimeza mwenyewe, kizima.

Wifi yako